Kubadilisha Leseni ya Rubani Binafsi: Kitenzi Kimoja, Kazi Nne

0. Utangulizi

Makala hii yahusu jambo ambalo si kawaida kulikuta katika kurasa za jarida la Kiswahili: namna rubani binafsi anavyotoka katika aina moja ya leseni na kuingia katika aina nyingine. Rubani binafsi ni yule arushaye ndege bila kulipwa, kwa safari zake mwenyewe au za jamaa na rafiki zake. Twajua kwamba wengi wa wasomaji wetu hawatashika usukani wa ndege hata siku moja. Hata hivyo twawaomba uvumilivu, kwa kuwa tatizo tunalotaka kulieleza ni la ufundi wa anga kwa upande mmoja na la lugha kwa upande wa pili. Na hasara iliyotokana nalo tuliisababisha sisi wenyewe, kwa kitenzi kimoja.

Miaka michache iliyopita mzee mmoja wa hapa Lubumbashi, mfanyabiashara asomaye Kiswahili vizuri lakini Kifaransa kwa shida, alituletea barua. Mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akisoma Ubelgiji, alikuwa amejifunza urubani huko kwa gharama ya mzee huyo, akapata leseni. Rafiki wa familia aliyekuwa na ndege ndogo ya viti vinne, iliyosajiliwa Kongo, alimwalika kijana airushe wakati wa likizo. Mwenye ndege akauliza ofisini kama jambo hilo lawezekana, na barua aliyotuletea mzee ilikuwa jibu la swali hilo. «Mwalimu,» alituambia, «nieleze kwa Kiswahili cha kueleweka: hao watu wanataka nini kwa mwanangu?»

Tulisoma barua upesi, kwa sababu tulikuwa na mitihani ya kusahihisha, tukamwandikia mzee muhtasari wa mistari mitano. Kiini chake kilikuwa sentensi hii: «Leseni ya kijana inapaswa kubadilishwa.» Mzee akaelewa kama ambavyo mtu yeyote wa mjini kwetu angeelewa. Kubadilisha ni kazi ya wale wakaao kando ya barabara na mabunda ya noti: unatoa dola, unapokea franga, unakwenda zako. Kwa hiyo akatuma fedha za tafsiri zenye mihuri, za nakala zilizothibitishwa, na za tikiti, ili kijana aje atoe karatasi moja dirishani apokee nyingine. Kijana akaja, akarudishwa. Barua ilikuwa imesema kitu kingine kabisa: kwamba leseni yake haifikii kipimo cha kimataifa, kwamba kwanza apate ile iliyo juu yake, na kwamba baadaye ndipo angeweza kuomba leseni hiyo ya juu iidhinishwe huku. Zilikuwa kazi mbili tofauti, za mahali pawili, zenye gharama mbili. Sisi tulizitia zote ndani ya neno «kubadilisha».

1. Leseni, lisansi na brevet

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya jina lenyewe. Msomaji wa Kongo ana matatizo ambayo mwenzake wa Dar es Salaam hana. Kwetu «lisansi» ni shahada ya chuo kikuu. Mwandishi wa makala hii anayo ya isimu, na haimruhusu kurusha hata tiara. Karatasi ya dereva wa gari mitaani huitwa «permi». Neno «leseni», lililoingia katika Kiswahili sanifu kutoka Kiingereza, kwa wengi wetu ni neno la vitabuni. Katika makala hii tunalitumia kwa maana moja tu, yaani ruhusa ya serikali ya kurusha ndege.

Kifaransa chenyewe kilikuwa na jozi ya maneno inayofaa kukumbukwa. Katika mapokeo ya urubani ya Ufaransa, «brevet» ni uthibitisho kwamba mtu amefikia umahiri fulani, na uthibitisho huo haufi. «Licence» ni ruhusa ya kuutumia umahiri huo. Kulikuwako hata «brevet de base», hati ya chini ya rubani wa ndani, iliyomruhusu kuruka karibu na uwanja wake. Kanuni za pamoja za Ulaya zilipoanza kutumika, wenye hati hiyo walipewa njia ya kuingia katika leseni nyepesi ya Ulaya tutakayoieleza hapa chini. Jozi ya brevet na licence yatufundisha kwamba katika hati ya rubani kuna mambo mawili yasiyofanana: kile anachokijua mtu, na kile anachoruhusiwa. Ujuzi husafiri pamoja na mwenyewe. Ruhusa huishia pale inapoishia mamlaka ya aliyeitoa.

2. Kupandisha: kutoka leseni nyepesi hadi leseni kamili

Nchi za Umoja wa Ulaya, pamoja na nyingine chache zilizojiunga nazo katika mambo ya anga, hufuata Kanuni Na. 1178 ya mwaka 2011. Kwa rubani binafsi wa ndege zenye mabawa na injini, kanuni hiyo yatambua leseni mbili. Ya kwanza ni leseni ya ndege nyepesi, ambayo juu ya karatasi huandikwa kwa herufi LAPL. Ya pili ni leseni ya rubani binafsi iliyo kamili, PPL. Umri wa chini wa kuzipata ni ule ule, miaka 17. Zote mbili hazimruhusu mtu kulipwa mshahara wa kubeba abiria.

Tofauti yaanzia katika chombo. Mwenye leseni nyepesi huruhusiwa ndege ya injini moja ya pistoni yenye uzito usiozidi kilo 2,000 wakati wa kuruka, na watu wasiozidi 4 ndani yake, yeye mwenyewe akiwamo. Tena abiria hao 3 hawezi kuwachukua mara tu baada ya kupokea leseni: sharti kwanza aruke saa 10 kama rubani mkuu. Tuchukue mfano wa ndege ambayo watu wa mikoa yetu ya mashariki wanaijua, Cessna 206. Uzito wake wa juu ni kama kilo 1,630, kwa hiyo imo ndani ya kipimo. Lakini ina viti 6, na mwenye leseni nyepesi angelazimika kuacha viwili vitupu.

Mafunzo nayo hutofautiana. Leseni nyepesi hudai angalau saa 30 za mafunzo angani. Kati ya hizo, 15 ni pamoja na mwalimu na 6 ni za mwanafunzi kuruka peke yake chini ya uangalizi. Lazima pia afanye safari moja ya peke yake isiyopungua kilomita 150. Leseni kamili hudai saa 45. Kati ya hizo, 25 ni pamoja na mwalimu na 10 ni za peke yake, na safari yake ndefu isipungue kilomita 270, akitua na kusimama kabisa katika viwanja 2 tofauti na kile alichoondokea. Kwa kupima umbali huo, msomaji akumbuke kwamba mstari wa moja kwa moja kutoka Lubumbashi hadi Kolwezi haufiki kilomita 270. Lakini ukienda na kurudi umeupita sana.

Basi, mwenye leseni nyepesi atakaye kamili afanye nini? Haanzi upya. Kanuni yataka awe ameruka saa 15 zaidi tangu alipopokea leseni yake, na kati ya hizo zisizopungua 10 ziwe za mafunzo, ndani ya kozi ya shule inayotambuliwa. Katika kozi hiyo lazima ziwemo saa 4 za kuruka peke yake chini ya uangalizi, 2 kati yake zikiwa za safari, na ndani yake ile safari ya kilomita 270 yenye vituo viwili. Kisha hufanya mtihani wa vitendo wa leseni kamili mbele ya mtahini. Msomaji akijumlisha 30 na 15 atapata 45, na haielekei kuwa ni kwa bahati tu. Waliotunga kanuni walitaka ngazi ya pili ianzie pale ilipoishia ya kwanza.

Hapa pana jambo linalowaudhi wengi, na kwa maoni yetu wanaudhika bure. Mtu aliyekwisha kuruka saa 200 kwa leseni nyepesi huambiwa kwamba zile 10 za kozi bado ziko palepale. Husema: «Saa 200 hazinifundishi zaidi ya 10?» Lakini saa alizoruka mwenyewe kwa raha yake si za mafunzo. Alichagua siku ya mbingu safi, akaenda kiwanja anachokijua. Safari ya kilomita 270 na mambo ambayo mwalimu humlazimisha kuyafanya ni yale hasa ambayo mtu aachiwaye hiari huyakwepa.

Upande wa nadharia una nafuu. Masomo ya leseni zote mbili ni yale yale 9: sheria ya anga, mwili na akili ya rubani, hali ya hewa, mawasiliano, misingi ya kuruka, taratibu za uendeshaji, utendaji wa ndege na upangaji wa safari, maarifa ya chombo, na utafutaji wa njia. Aliyefaulu kwa leseni nyepesi ya ndege hahitaji kuyafanya tena kwa leseni kamili ya ndege.

Kwa daktari, hapana nafuu hiyo. Cheti cha afya cha leseni nyepesi hakitoshi. Leseni kamili yadai cheti cha daraja la 2, ambacho uchunguzi wake ni mkali zaidi. Nacho hudumu kadiri ya umri: miezi 60 kwa aliye chini ya miaka 40, miezi 24 hadi afikapo 50, kisha miezi 12. Mwalimu mwenye busara humtuma mwanafunzi kwa daktari kabla ya kumtoza fedha ya saa ya kwanza. Mtu akigundua baada ya saa 10 kwamba macho au moyo wake haukubaliki, amebaki na leseni ile ile ya zamani na mfuko mtupu.

Kuna tofauti nyingine ambayo mara nyingi husahauliwa na wanaopanda ngazi. Leseni zenyewe hazina mwisho, ila zikifutwa. Kinachoisha ni haki ya kuzitumia, na huisha kwa namna mbili. Mwenye leseni nyepesi hujitazama mwenyewe kila siku anayotaka kuruka: je, katika miaka 2 iliyopita nimeruka saa 12, nikaondoka na kutua mara 12, na nikapata angalau saa 1 na mwalimu? Akiwa amefanya hivyo, aruke; la sivyo, akae chini mpaka atimize au afaulu kwa mtahini. Mwenye leseni kamili ana tarehe iliyoandikwa. Ruhusa yake ya ndege za injini moja ya pistoni hudumu miaka 2, na kabla ya siku hiyo lazima ahuishiwe, ama kwa kutimiza saa 12 na masharti mengine katika mwaka wa mwisho, ama kwa jaribio mbele ya mtahini. Tumesikia habari za watu waliopandisha leseni, wakaendelea kuhesabu kwa mtindo wa zamani, tarehe ikawapita bila wao kujua.

3. Kuongeza: kundi la ndege si daraja la leseni

Neno la Kiingereza na la Kifaransa ambalo sisi wanaisimu hulitafsiri kwa «ngeli» tunapozungumzia nomino, katika urubani lina kazi mbili au tatu kwa pamoja. Lahusu cheti cha afya, na watu hulitumia ovyo kwa leseni zenyewe. Lakini maana yake hasa katika urubani ni kundi la ndege zifananazo kiasi kwamba ajuaye kuiendesha moja aweza kujifunza nyingine bila safari ndefu. Ndege za injini moja ya pistoni zitokazo nchi kavu ni kundi. Zitokazo majini ni kundi lingine. Zenye injini mbili za pistoni ni la tatu. Tungependekeza «kundi» libaki kwa ndege na «daraja» libaki kwa vyeti vya afya. «Ngeli» tuwaachie wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza, ambao tayari inawatosha.

Kazi inayohusu kundi si kupandisha, ni kuongeza. Anayepata ruhusa ya injini mbili hapotezi ile ya injini moja. Leseni ni ile ile, na mstari mmoja umezidi juu yake. Ulaya hudai rubani awe kwanza na saa 70 kama rubani mkuu, kisha ajifunze angalau saa 6 angani na mwalimu. Zaidi ya nusu ya hizo, saa 3 na nusu, ni za kuruka huku injini moja ikihesabiwa kuwa imezimika. Msisitizo huo una sababu: ndege yenye injini mbili ikipoteza moja huvutwa upande, na rubani asiyezoea ana muda mfupi sana wa kuizuia isipinduke. Ruhusa hiyo hudumu mwaka 1 tu. Marekani hawaweki idadi ya saa kwa jambo hilo. Hutaka mwalimu aandike kwamba mwanafunzi yu tayari, kisha afaulu jaribio la vitendo, bila mtihani wa maandishi kurudiwa.

Leseni nyepesi haikubali nyongeza ya injini mbili. Na ile Cessna 208 inayotua katika viwanja vyetu vya vijijini, yenye injini moja lakini ya tabini na uzito wa zaidi ya kilo 3,600, haimo hata ndani ya ruhusa ya kawaida ya leseni kamili: ina ruhusa yake ya peke yake. Idadi ya injini pekee haimwambii mtu kundi.

4. Kugeuza na kuidhinisha: leseni ikivuka mpaka

Sasa tunafikia mahali mzee wetu alipokwama. Sheria mama ya mambo haya ni Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa, uliotiwa sahihi Chicago tarehe 7 Desemba 1944, nao ndio uliolizaa shirika ambalo Wakongo hulijua kwa herufi za Kifaransa OACI. Vifungu vinne vyatosha kwa haja yetu. Kifungu cha 32 chasema kwamba rubani wa ndege iendayo nchi za nje sharti awe na leseni iliyotolewa au iliyotiwa nguvu na nchi ilikosajiliwa ndege. Kifungu cha 33 chazilazimisha nchi nyingine kuitambua leseni hiyo, mradi masharti yake yasiwe chini ya kipimo cha kimataifa. Kifungu cha 39 chaagiza kwamba mtu asiyetimiza kipimo hicho kwa ukamilifu aandikiwe upungufu wake juu ya leseni yenyewe. Na kifungu cha 40 chamzuia mtu huyo asishiriki safari za kimataifa bila ruhusa ya nchi anayoiingia.

Msomaji aangalie maneno «nchi ilikosajiliwa ndege». Watu wengi hudhani kwamba leseni hufuata ardhi: uko Kongo, basi watakiwa leseni ya Kongo. Kwanza kabisa, leseni hufuata herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege. Ndege ya Kongo huanza kwa 9Q, ya Ubelgiji kwa OO, ya Kenya kwa 5Y, ya Tanzania kwa 5H, ya Marekani kwa N. Mbelgiji mwenye leseni kamili ya kwao akileta ndege ya OO mpaka Luano, hahitaji leseni ya Kongo, ijapokuwa atahitaji vibali vya safari. Akishuka humo na kupanda ndege ya 9Q iliyoegeshwa kando yake, mambo yamebadilika, ingawa kiti, saa na rubani ni vile vile.

Kipimo cha kimataifa kinachotajwa kimo katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba huo. Kwa rubani binafsi wa ndege hudai miaka 17, cheti cha afya cha daraja la 2, saa 40 za kuruka, au 35 kama amefuata kozi iliyoidhinishwa, na ndani yake saa 10 za peke yake na ile safari ya kilomita 270 yenye vituo viwili. Tukiilinganisha leseni nyepesi ya Ulaya na kipimo hiki, twaona mara moja inakopungua: saa ni 30, safari ni kilomita 150, na daktari ni mwepesi zaidi. Waliobuni leseni hiyo hawakukosea. Walitaka kitu cha bei nafuu kwa watu warukao nyumbani, na ndani ya nchi zao walikubaliana kukiheshimu. Nje ya mipaka hiyo hakuna alazimikaye kukitambua.

Kwa leseni iliyofikia kipimo, nchi ya kigeni ina njia mbili. Yaweza kuiidhinisha, yaani kutoa karatasi isemayo: «Twaikubali leseni hii ya wenzetu kwa ndege zetu.» Karatasi hiyo haina uhai wake yenyewe. Haiwezi kudumu kuliko leseni iliyoizaa, na leseni ikisimamishwa nayo imesimama. Au yaweza kuigeuza, yaani kumpa rubani leseni yake mpya kabisa, isiyotegemea ile ya kwanza.

Njia ya pili ni ndefu zaidi. Rubani binafsi wa nchi isiyo ya Ulaya atakaye leseni kamili ya Ulaya kwa kugeuziwa awe ameruka angalau saa 100, afaulu mitihani ya sheria ya anga na ya mwili na akili ya rubani, afanye jaribio la vitendo, awe na cheti cha afya cha daraja la 2 cha huko, na athibitishe lugha yake. Marekani wana njia ya katikati. Humpa mgeni hati ya rubani binafsi kwa msingi wa leseni yake ya nje, nao huandika juu yake kwamba haifai kitu isipokuwa ikiandamana na leseni hiyo. Wako wenye hati hii wanaojisifu kwamba «wamegeuza» leseni kuwa ya Marekani, hawajageuza. Leseni ya nyumbani ikipotea au ikizuiwa, ya Marekani ni kadi tu.

Suala la lugha lastahili kutajwa, hasa katika jarida hili. Tangu mwaka 2008 marubani wanaotumia redio katika safari za kimataifa hupimwa lugha kwa ngazi 6, na wa chini kukubaliwa ni wa ngazi ya 4. Lugha yenyewe ni ile itumikayo na kituo cha chini, au Kiingereza. Kijana wetu alikuwa na Kifaransa, ambacho kingemtosha katika anga letu; lakini angetaka kuvuka kwenda Ndola au Dodoma angehitaji na Kiingereza.

Majirani zetu wa Afrika ya Mashariki wamejaribu kupunguza mzigo huu. Jumuiya yao, ambayo Kongo iliingia mwaka 2022, ina wakala wa usalama wa anga wenye makao yake Entebbe, na kazi yake mojawapo ni kulinganisha kanuni za nchi wanachama. Kanuni zikifanana, kuidhinisha huwa kwepesi. Lakini kila nchi bado yatoa leseni yake, na kijana aliyejifunza Nairobi haamki siku moja akawa na leseni ya Kongo kwa sababu bendera zimepandishwa pamoja.

5. Barua ya pili

Tumerudi mara nyingi kwenye sentensi yetu ya kwanza tukijiuliza kosa lilikuwa wapi. Kisarufi haina doa. Ila «inapaswa kubadilishwa» imo katika kauli ya kutendwa bila mtenda kutajwa, na mtenda ndiye habari yote. Apandishaye leseni ni rubani pamoja na mwalimu wake, angani, kwa saa. Aongezaye ni rubani yule yule, kwa ndege ya kundi lingine. Agezaye na aidhinishaye ni serikali, mezani, kwa faili. Fedha iliyokusudiwa faili haiwezi kununua saa. Tungalimwandikia mzee ni nani atakayetenda na wapi, asingalituma hata franga moja ya mihuri kabla ya wakati wake.

Kwa hiyo tulimwandikia barua ya pili, safari hii ya ukurasa mzima, bila malipo. Tukasema kwamba kijana apandishe kwanza leseni yake kule kule. Kwamba atafute cheti cha afya cha daraja la 2 kabla ya jambo lolote. Kwamba akishapata leseni kamili, mwenye ndege ya 9Q ndipo aombe iidhinishwe, na kwamba idhini hiyo itafuata uhai wa leseni ya Ubelgiji. Tukaongeza kwamba mihuri aliyoilipia haitafaa tena, kwa kuwa iligongwa juu ya leseni ya chini. Sehemu hiyo ilikuwa ngumu kuiandika kuliko nyingine zote.

Mzee aliisoma mbele yetu, polepole, kidole chake kikifuata mistari. Hakutulaumu. Aliuliza jambo moja tu: «Saa kumi hizo za mwalimu, zinalipwa hapa au kule?» Tukamjibu kwamba ni kule.